Kona ya Trei

Ngwa! Ngwa! Ngwa!

Shangazi alilisikia bati likilia ng'ambo ya ukuta kabla hajamaliza kutoa trei ya mwisho. Baada ya bati ikafuata sauti ya kijana, kali, imenyooka kama uzi wa mwashi: "Nimesema kimya! Mnaongea kama kuku waliomwagiwa mtama." Watu wakacheka. Naye akacheka, peke yake mbele ya tanuri, jasho likimdondoka kidevuni, kwa sababu sauti ile aliijua tangu ilipokuwa sauti ya kulilia maziwa.

Alikuwa mtoto wa kaka yake. Kaka alikufa, wifi akaolewa kwingine, na mtoto wa miaka miwili akabaki mgongoni kwa shangazi mtu. Sasa mtoto huyo alikuwa na cheti cha ualimu, shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na kazi ya mwezi mmoja aliyopewa na meneja mpya: kuwafundisha wafanyakazi wa kiwanda cha mikate kuzidisha.

Kwa nini kuzidisha? Kwa sababu tanuri la kuni lilikuwa linavunjwa. Tanuri la umeme lilikwishafika, limefungwa nailoni, lina kioo kidogo na vitufe. Kila unapolipakia, unaliandikia idadi ya mikate inayoingia, nalo linapima moto wake. Wafanyakazi wa tanuri walikuwa kumi. Tanuri jipya lilitaka wanne. Watakaofaulu mtihani watabaki, sita waende kwao. Shangazi alikuwa ametimiza miaka ishirini na miwili mdomoni mwa tanuri. Kazi nyingine hakuijua, na hata angeijua asingeitaka.

Akafuta mikono kwenye aproni, akazunguka ukuta, akasukuma mlango wa stoo ya unga.

"Samahani, mwanangu, trei ya mwisho ilikuwa bado nyeupe juu, nikasema niisub—"

Ngwa! Mwalimu alikuwa ameshika mti wa kusukumia unga, na bati lenyewe lilikuwa trei kuukuu aliyoiegemeza ukutani.

"Humu ndani mimi si mwanao. Humu mimi ni Mwalimu. Na wewe ni mwanafunzi uliyechelewa. Kaa nyuma."

Wengine wakatazama chini. Kijiko, mkanda unga, mwanamke mwembamba aliyepewa jina hilo kwa umbo lake, akamsogezea Shangazi nusu ya gunia alilokalia, akanong'ona, "Dada, huyu umemlisha nini? Pilipili?"

"Haya, Mwalimu," Shangazi akasema, akakaa. Moyoni alisema: kijana anataka heshima ya kazi yake, si kosa. Akajipa moyo hivyo. Mama hujipa moyo hata kwa jiwe.

Lazima niseme ukweli: kijana alijua kufundisha. Alimwaga vizibo vya soda sakafuni, akavipanga safu tatu, kila safu vizibo vinne.

"Kuzidisha si uchawi. Ni kujumlisha kwa mtu mwenye haraka. Badala ya kusema nne na nne na nne, unasema nne mara tatu, basi. Ngapi?"

Baba Pacha, mpakiaji, akainua kidole na kuanza kuvihesabu kimoja kimoja, midomo ikimchezacheza. "Kumi na mbili!"

"Umehesabu kama mbuzi anavyokula, jani kwa jani. Lakini sawa. Mbili mara mbili?"

"Hiyo naijua tangu zamani, Mwalimu. Kwangu kila mimba ni mara mbili."

Stoo nzima ikaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alimpa Baba Pacha ile trei, akamwamuru aishike juu ya kichwa kwa mikono miwili. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake: atakayekosa, au atakayefanya mzaha, ataishika trei hewani mpaka mwingine akose. Baba Pacha alikuwa na miaka hamsini. Akaishika.

Shangazi hakuwa anatazama trei. Alikuwa anavitazama vizibo, kichwa ameinamisha upande, kama anavyoutazama mkate kujua kama umeiva katikati. Ghafla akasema:

"Lakini ukija kukaa upande huu wangu, ni safu nne za tatu tatu. Na vizibo havijaongezeka hata kimoja. Basi nne mara tatu na tatu mara nne ni kitu kimoja, mtu amezunguka tu!"

Alisema kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu njiani. Kijiko akapiga kofi. Hilo ndilo lilikuwa somo la Mwalimu la Alhamisi. Alikuwa ameliandalia mchoro.

"Nimekuuliza?" akasema.

"Hapana, Mwalimu."

"Basi subiri kuulizwa."

Siku ya tatu aliuliza. Aliisimamisha trei ile mbele yao, akagonga kwa mti. "Hii mnaijua kuliko mnavyojua viganja vyenu. Ina safu nne, kila safu mikate sita. Sita mara nne ni ngapi?"

Watu kumi wakajibu kwa mpigo mmoja, kama wamefanya mazoezi:

"Ishirini na tatu!"

Msomaji, usicheke. Katika kiwanda kile trei ilikuwa na mikate ishirini na mitatu, na maduka yote yaliyokuwa yakipelekewa mikate yalijua hivyo. Trei za zamani hazikuwa na mishikio. Unapoivuta kutoka motoni, unazungushia kitambaa kidole gumba na kukiingiza ndani ya kona. Mkate ukiwapo konani, unapondwa. Zamani waliupanga hivyo hivyo, na mikate iliyopondwa mkuu wa tanuri, mzee aliyekwisha kufa, alimpa Shangazi apeleke nyumbani kwa sababu alikuwa na mtoto mdogo. Mtoto huyo alikula mkate wa kona asubuhi, akala mkate wa kona jioni, akaota meno kwa mkate wa kona. Baadaye mzee akaona ni hasara, akaagiza kona iachwe wazi. Tangu siku hiyo sita mara nne ikawa ishirini na tatu, na hakuna aliyewahi kulipunguzia duka hata mkate mmoja.

Mwalimu alijua. Kwa nukta moja uso wake ulilegea, tabasamu likataka kutoka, na Shangazi akaliona, akaliona kabisa, lile tabasamu la mtoto aliyekuwa akimsubiri mlangoni na kuuliza, "Leo iliyopondeka ni mingapi?"

Lakini mlangoni mwa stoo alikuwa amesimama Meneja.

Tabasamu likarudi lilikotoka. "Ishirini na tatu!" Mwalimu akaiga kwa sauti ya pua. "Watu wazima kumi, na wote hawana akili ya mtoto wa darasa la pili. Ishirini na nne!"

"Ubaoni ni ishirini na nne, Mwalimu," Shangazi akasema polepole. "Ila kwenye trei, ile kona..."

"Njoo mbele."

Akaenda mbele. Akapewa trei. Akaishika juu ya kichwa. Somo likaendelea na Mwalimu hakumuuliza mtu mwingine swali gumu tena: mbili mara tano, moja mara tisa, kumi mara moja. Hakuna aliyekosa. Mikono ya Shangazi ikaanza kutetemeka, bati likaanza kuimba chini kwa chini, na kijana wake alikuwa anaandika ubaoni akiwa amempa mgongo. Kijiko alipoulizwa moja mara tisa akafungua mdomo ili akose kwa makusudi, amwokoe mwenzake. Meneja alikuwa bado amesimama. Kijiko akasema, "Tisa."

Jumapili Shangazi alikwenda chumbani kwa kijana, alikopanga mtaa wa pili. Alibisha hodi akiwa na daftari lake kifuani. Alikuwa ameandika jedwali lote mpaka kumi mara kumi, kwa mwandiko wa mtu aliyeanza kushika kalamu ukubwani, namba nyingine zimelala, nyingine zimetazama nyuma.

Kijana alifungua mlango nusu.

"Shangazi, ungenipigia kwanza."

"Nikupigie nini, natembea dakika tano. Nikaribishe basi."

"Watu wanatuona. Meneja aliniambia siku ya kwanza kabisa: nasikia una ndugu humu, mimi undugu kazini sitaki. Ameniahidi ukarani wa stoo, Shangazi. Wa kudumu. Nikionekana nakufundisha pembeni, basi, nimekwisha."

"Sikuja kufundishwa. Najua yote. Niulize." Macho yake yaling'aa. "Niulize saba mara nane."

Hakuuliza.

"Hamsini na sita," akajijibu. "Nilikuja kukuuliza jambo moja tu. Kwenye mtihani, nikiulizwa habari za trei, niandike ngapi?"

"Andika ishirini na nne, yaishe."

"Lakini wewe unajua..."

"Mimi sijui kitu!" Sauti ilipanda, akaishusha haraka na kuchungulia kushoto na kulia. "Hayo ya mikate iliyopondeka usiyataje mbele za watu, Shangazi. Nakuomba. Mtu anajenga jina lake, wewe unamkumbusha makombo."

Neno hilo lilimwingia Shangazi kama mwiba wa samaki, lisiloonekana na lisilomezeka. Makombo. Alitazama kidole gumba chake cha kulia, kilichobabuka na kupona na kubabuka tena hata kucha ikakata tamaa ya kuota.

"Haya, baba," akasema. "Lala salama," na ilikuwa saa nne asubuhi.

Mtihani ulifanyika Ijumaa. Tanuri la kuni lilikuwa limevunjwa jana yake, matofali yamerundikwa uani, trei za zamani zimefungwa kamba tayari kuuzwa kama chuma chakavu. Meneja alikaa kwenye kiti, wengine kwenye magunia. Maswali yalikuwa kumi. Tisa Shangazi aliyamaliza kabla Baba Pacha hajalimaliza la tatu. Akafika la kumi, akalisoma akifuata kwa kidole:

*Mpishi ametoa tanurini trei nane. Kila trei ina safu nne, na kila safu mikate sita. Ametoa mikate mingapi?*

Kalamu ikasimama. Lingekuwa swali la vizibo, angeandika bila kupepesa. Lakini swali lilisema mpishi, lilisema tanurini, na mpishi wa tanuri lile alikuwa yeye. Aliuona mkono wake mwenyewe ukitoa zile trei nane. Kila moja aliiona kona yake, nyeusi, tupu, inang'aa mafuta. Ametoa mingapi? Akafikiria neno la kijana: andika, yaishe. Akafikiria miaka ishirini na miwili. Halafu akafanya kitu ambacho hapakuwa na mtu humo stoo aliyefundishwa kukifanya: alichukua ishirini mara nane, akaiweka pembeni; akachukua tatu mara nane, akaiweka juu yake. Mia moja themanini na nne. Chini yake akaandika, kwa zile namba zake za kulala, *kona haina mkate*.

Mwalimu alisahihisha palepale. Alipofika kwenye karatasi hiyo alikaa nayo muda mrefu kuliko nyingine. Kisha akachora mkasi mwekundu wa kosa, mzuri, ulionyooka.

"Tisa kati ya kumi," akasema. Hapo Shangazi bado alikuwa miongoni mwa wanne. Wengi walikuwa na tano, na sita. Akashusha pumzi.

Lakini Meneja alinyoosha mkono akaichukua karatasi.

"Mia moja themanini na nne? Jibu ni ngapi, Mwalimu?"

"Mia moja tisini na mbili, bosi."

"Imepungua minane." Meneja alikuwa mtu wa upole wa kutisha, alisema taratibu, kama anayeonja. "Mama, wewe umetoa trei hizi miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili, bosi."

"Na kila ukitoa trei nane, mikate minane haipo. Umeandika mwenyewe. Imekwenda wapi?"

Shangazi hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alisimama. "Haikuwahi kuwapo! Kona huachwa kwa ajili ya kidole, bosi. Trei hazina mshikio. Hiki hapa kidole, tazama."

"Naona kidole. Mikate siioni."

"Twende kwenye tanuri nikuoneshe!"

"Tanuri lipi?" Meneja akaelekeza kidevu uani, kwenye matofali.

Kijiko akanyanyua mkono. "Bosi, kweli ile kona..."

"Wewe uliandika ngapi?"

"Mia... mia moja tisini na mbili."

"Una nane kati ya kumi. Bila hiyo una saba, na mwenzako hapo ana saba na nusu. Sasa niambie vizuri: ni mia moja tisini na mbili, au mia moja themanini na nne?"

Kijiko alimtazama Shangazi. Alikuwa na watoto wanne na mama mgonjwa, na macho yake yaliomba radhi kabla ya mdomo.

"Mia moja tisini na mbili, bosi," akasema, akakaa.

Ndipo Meneja akageuka. "Mwalimu, wewe nasikia umekulia nyumbani kwake. Unajua chochote kuhusu kona hiyo?"

Nailoni ya tanuri jipya ilisikika ikipepea. Shangazi alimtazama kijana. Hakumwomba. Alimtazama tu, kama alivyokuwa akimtazama zamani akimfundisha kusimama dede: mikono imetandazwa, haijamshika, inangoja.

Mwalimu alilamba midomo. Kusema ndiyo ilikuwa kusema nimekula. Ilikuwa kusimama mbele ya watu wote hao katika shati lililopigwa pasi na kusema, mimi ndiye niliyekuwa nangoja iliyopondeka.

"Mimi sijui mambo ya tanurini, bosi," akasema. "Hesabu ni hesabu."

"Vizuri. Basi tuhesabu. Mnatoa mara ngapi kwa siku?"

"Mara tano," akajibu Baba Pacha, na mara hiyo akauma ulimi.

"Andika ubaoni, Mwalimu. Tuone kama mmesoma."

Akaandika. Chaki haikutetemeka. Nane mara tano, arobaini kwa siku. Arobaini mara sita, mia mbili na arobaini kwa wiki. Mara hamsini na mbili. Mara ishirini na mbili. Namba iliota mkia, ikajinyoosha kulia mpaka ikakaribia ukingo wa ubao. Ilikuwa kazi safi, kila tarakimu chini ya mwenziwe. Shangazi aliifuata mpaka mia mbili na arobaini. Baada ya hapo somo lake lilikuwa halijafika.

"Hiyo ya mwisho inasomwaje, Mwalimu?" akauliza. Aliuliza kweli, kama mwanafunzi.

"Laki mbili, sabini na nne elfu, mia tano na sitini."

"Zote hizo nimekula mimi?"

Mwalimu akaifuta chaki vidoleni.

"Acha aproni yako juu ya gunia," Meneja akasema. "Na ushukuru sijaita polisi. Nafasi yake apewe huyo wa saba na nusu."

Aliivua. Akaikunja mara mbili, kisha mara mbili tena, akasawazisha kona zake nne kwa kiganja. Baba Pacha alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote, lakini hakunyanyuka. Kijiko aliuliza kwa sauti ndogo, kama anayezungumza na sakafu: "Na hizo trei mpya, bosi, zina mishikio?"

"Ni trei. Zinaingia ishirini na nne."

"Na kidole?"



Shangazi alikuwa amefika langoni aliposikia viatu vikikimbia nyuma yake, viatu vya ngozi ngumu alivyomnunulia mwenyewe siku alipopata cheti.

"Shangazi! Shangazi, ngoja!"

Mwezi mzima hakuwa amelitamka neno hilo ndani ya uzio ule. Alisimama. Nyuma ya kijana, madirishani, wenzake wote walikuwa wamejaa wanatazama; na Meneja pia, mikono mfukoni.

"Ningesema nini? Niambie wewe, ningesema nini pale? Ningesema wangetufukuza wote wawili. Nikipata ukarani nitakutunza, Shangazi, hutafanya kazi tena, nitakununulia—"

"Ungesema ishirini na tatu."

"Shangazi..."

"Naam, Mwalimu."

Aliitika kwa adabu, ameinamisha kichwa kidogo, kama anavyoitika mtu mzima aliyekuja shuleni kuulizia mtoto wa watu. Kijana akarudi nyuma hatua moja.

"Usiniite hivyo. Hapa ni nje. Mimi ni mwanao."

"Ndani ulinikataza. Nikachelewa kuelewa, unajua mimi kichwa kigumu, nafundishwa mara nyingi." Alinyoosha mkono, akamnyooshea ukosi wa shati uliokuwa umepinda, akaukandamiza kwa kile kidole kisicho na kucha. Kisha akapaza sauti, wa dirishani wasikie. "Nakuahidi mbele ya hawa wote. Ukija kwangu na njaa, utakula. Ukiugua, nitakukesha. Ukifa kabla yangu, nitakuosha mimi mwenyewe. Lakini jina nitakalokuita ni hilo moja, Mwalimu, mpaka siku ninayoingia kaburini."